Mshindi wa Nusu Maili, 1959

Jumatatu, 5 Januari 1987

Yoakum, mkurugenzi wa michezo, aliniita ofisini kwake asubuhi kabla sijavua hata koti. Mwezi wa tatu mashindano ya riadha ya ukumbini ya wanaume ya ligi yetu yanafanyika kwa mara ya hamsini, na mwaka huu ni zamu ya chuo chetu, Alder Prairie, kuyaandaa. Anataka kijitabu cha historia, kuanzia 1935 mpaka leo. "Hakuna anayeijua hadithi hii kukushinda, Alvin," alisema. "Na wewe mwenyewe umo ndani yake."

Ni kweli nimo. Nimefundisha jiografia hapa miaka ishirini na mitatu, na miaka hiyohiyo nimekuwa kocha msaidizi wa mbio za kati na mtunza rekodi wa ligi nzima. Na katika orodha ya mabingwa, ukiishuka kwa kidole mpaka 1959, mshindi wa nusu maili ni A. Torvund. Ndiye mimi.

Siku ya mashindano ukumbi wetu mpya utapewa jina la Kocha Brandvold, aliyetufundisha sote. Nimekubali kuandika. Ningekataaje?

Jumatano, 7 Januari

Theluji. Gari liligoma kuwaka. Royce Vandehey, mkimbiaji wangu bora wa mita mia nane, alikimbia mizunguko sita bila kupunguza mwendo na akataka ya saba. Nikamkatalia.

Jumamosi, 10 Januari

Siku nzima mezani, na sikuhisi njaa. Mwaka 1935 walikimbia kwenye ghala la maonyesho ya mifugo, sakafu ya pumba za mbao, na mruka juu mmoja alitua kwenye kinyesi cha fahali aliyeshinda tuzo siku iliyotangulia. Mwaka 1938 basi la chuo cha Saint Corbin lilikwama kwenye theluji, na wanariadha tisa wakatembea maili nne kufika ukumbini. Walishika nafasi ya tatu. 1943 mpaka 1945 mashindano hayakufanyika. Vijana walikuwa vitani. 1952 ikaja njia ya mbao yenye kona zilizoinuliwa, iliyofungwa vipande vipande kila majira ya baridi. Ukiikanyaga kwa viatu vya misumari, ililia kama ngoma.

Nimeandika mpaka 1958. Nikaruka nikaendelea na 1960.

Jumapili, 18 Januari

"Umefika wapi?" Marjean aliniuliza tukila.

"1974."

"Na hamsini na tisa?"

"Nitairudia."

Mke wangu alinitazama, akanipitishia viazi.

Hamsini na tisa naijua kwa moyo. Nimeisimulia kwenye karamu za chuo mara zisizohesabika. Ukumbi wa Milwaukee, watu elfu sita, fainali ya nusu maili. Kona ya mwisho Lucius Pettiway wa Saint Corbin, mkimbiaji mweusi pekee kwenye fainali ile, ananipita kwa nje na kumaliza kwanza. Mwamuzi wa kona anainua bendera nyekundu. Pettiway anatolewa kwa kusukuma, ushindi unakuwa wangu, na Alder Prairie inatwaa kombe la timu kwa pointi mbili. Ndilo kombe letu la kwanza. Brandvold alilia machozi. Ndivyo ninavyoisimulia siku zote, na watu hupiga makofi.

Ninachokiruka ni kwamba Pettiway hakunisukuma. Lakini bendera ilikuwa imeshapanda. Mwamuzi aliona alichoona, mimi ni nani nimbishie? Kwa wazo hilo nimelala usingizi miaka ishirini na minane.

Jumatano, 21 Januari

Mazoezi. Hakuna jipya.

Jumamosi, 24 Januari

Makaratasi ya Brandvold yako kwenye chumba cha chini cha maktaba, maboksi kumi na moja. Tangu ahamie nyumba ya wazee hakuna aliyeyagusa. Mwaka ule wa 1959 yeye ndiye alikuwa katibu wa mashindano, kwa hiyo kila karatasi ilipita mikononi mwake.

Kwenye boksi la saba, ndani ya bahasha ya orodha za chakula cha timu, nilikuta kadi ya mwamuzi wa kona. Rangi imegeuka kama ya chai, mwandiko wa penseli uko palepale:

*Namba 14 ametoa kiwiko nje kwenye kona ya mwisho kumzuia namba 31. Namba 31 amempita bila kosa. Bendera ni ya namba 14. R. Oestreich.*

Namba 14 nilikuwa mimi.

Jumapili, 25 Januari

Sikwenda kanisani. Nilimwambia Marjean kichwa kinauma.

Nataka niandike ilivyokuwa, maana sijawahi kuiandika. Mzunguko wa mwisho nilikuwa naongoza na mapafu yanawaka. Nilimsikia Pettiway kabla sijamwona. Mbao zililia nyuma yangu kwa mwendo mwepesi, mwendo wa mtu ambaye bado ana akiba. Nikajua nimekwisha. Alipofika ubavuni kwangu nikatoa kiwiko. Si kwa bahati mbaya. Nilikitoa kikamgonga mbavuni, akayumba kuelekea juu ya kona, akarudi chini, akanipita hata hivyo. Alishinda kwa yadi tatu.

Kisha bendera, kelele, watu kukimbilia katikati. Nilikuwa nimeinama, mikono magotini. Mwamuzi mkuu akaja, na Brandvold ubavuni kwake, mkono begani kwangu.

"Mwanangu, alikusukuma?"

Nikasema, "Ndiyo."

Neno moja. Siku zote nimejiambia kwamba mwamuzi wa kona alikwisha kumhukumu Pettiway, na mimi sikufanya zaidi ya kutombishia. Kumbe mtu mmoja katika ukumbi ule aliona sawasawa, akaandika kwa penseli, na bendera aliniinulia mimi. Oestreich alifariki 1966. Miaka saba baada ya mashindano, na hakusema kitu. Au alisema na hakusikilizwa. Sasa nitajuaje?

Jumanne, 27 Januari

Royce aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia aongeze mizunguko miwili.

Jumamosi, 31 Januari

Nilikwenda kwa Brandvold wakati wa chakula cha mchana. Ana miaka themanini na moja, na bado ananiita kijana wangu. Mtu huyu alisimama upande wangu siku ya harusi yangu kwa sababu baba yangu alikuwa amekufa. Nikamwekea kadi juu ya blanketi, akaisoma kwa lenzi, polepole, midomo ikicheza.

"Oestreich alikuwa haoni vizuri," akasema.

"Ameandika namba mbili, Kocha, na zote mbili ni sahihi."

"Unataka nini, kijana wangu?"

"Ulijua."

"Nilimwambia mwamuzi mkuu akuulize wewe mwenyewe. Basi. Nilisema, Torvund ni kijana wa kweli, muulize. Ungesema hapana, kadi ingesimama, nami ningepanda basi kurudi nyumbani mikono mitupu. Mimi sikusema neno. Uliyesema ni wewe."

"Mkono wako ulikuwa begani kwangu."

"Mkono si mdomo."

Nilimuuliza kwa nini basi hakuichoma. Alifikiri kidogo. "Karatasi za mashindano hazichomwi," akasema, kama mtu anayemfundisha mwanafunzi mgeni. Halafu akamwomba muuguzi amwongezee plamu za kuchemsha.

Nilikaa kwenye gari, kioo kikaganda kwa pumzi yangu. Nilikuwa namtafuta yule mzee aliyelia mwaka 1959. Sikumpata.

Jumatatu, 2 Februari

Theluji tena. Inchi tisa.

Jumatatu, 9 Februari

Niliandika ukurasa wa 1959 kama ulivyotokea, pamoja na maneno ya kadi, nikampelekea Yoakum. Aliusoma akiwa amesimama. Akafunga mlango.

"Alvin, hii ni sherehe."

"Uliomba historia."

"Niliomba kijitabu. Mzee atakuwepo, na jina lake litafunuliwa ukutani. Lile kombe liko pale mlangoni. Watoto wanaligusa wakiingia. Unataka niwaambie nini?"

"Kwamba si letu."

Alisugua uso kwa viganja. Si mtu mbaya, Yoakum. Hilo ndilo linalonichosha. Nilitamani awe mbaya. "Nitauandika ukurasa huo mwenyewe," akasema. "Wewe utasoma muhtasari kwenye maikrofoni siku ile, kama tulivyopanga. Mtu yule wa Saint Corbin, bado yuko hai?"

Nikagundua sijui. Sikuwahi kuuliza.

Jumanne, 10 Februari

Nilimwambia Marjean kila kitu baada ya chakula. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi. Alikuwa akikunja vitambaa vya jikoni, akaendelea kukunja.

"Nilikuwa jukwaani siku ile, Alvin. Safu ya nne, pale pale kwenye kona. Kwani nilikuwa nimefumba macho?"

"Uliona?"

"Niliona kiwiko."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na furaha kiasi kile. Nikasema nitangoja aseme mwenyewe. Halafu tukaoana, halafu watoto." Aliweka kitambaa cha mwisho juu ya vingine. "Kila ulipoisimulia ile hadithi kwenye karamu nilikwenda chooni. Hukuwahi kuona?"

Sikuwahi kuona. Yeye ndiye aliyefungua kitabu cha simu cha Milwaukee akalikuta jina la Pettiway, na ndiye aliyezungusha namba.

Jumapili, 15 Februari

Mwendo wa saa mbili na nusu barabarani, njia yote barafu. Pettiway anafanya kazi kwenye mitambo ya maji ya mji. Ana miaka arobaini na tisa, mvi zimeanza kandoni, na bado anatembea kama mtu mwenye akiba. Alinifungulia mlango, hakunipa mkono, akanielekeza jikoni. Binti yake, Renita, alikuwa akimenya viazi.

"Baba, huyu ndiye?"

"Ndiye."

Akanipima kutoka chini mpaka juu. "Nilidhani atakuwa mrefu zaidi."

Nilimpa Pettiway kadi. Aliisoma, akaigeuza nyuma kutazama kama kuna kingine, akaisoma tena. Kisu cha Renita kilikuwa kimesimama. Nilianza kueleza, nikaeleza vibaya, kwanza bendera, kisha kocha, akanikatiza.

"Aliyeulizwa ni nani?"

"Ni mimi."

"Ukajibu nini?"

"Nikasema ndiyo."

"Basi. Hayo mengine ni nyongeza."

Akavuta kiti, akakaa. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda stesheni. Jumatatu yake mapadri wa Saint Corbin walimwita. Hawakumfukuza; watu wenye adabu hawafukuzi mtu. Walimwambia tu kwamba msaada wake wa masomo ni wa mwanamichezo safi, na gazeti limeandika alivyo. Aprili alipanda basi kurudi nyumbani.

"Mama alikuwa kazini siku ya mbio, hakuona," alisema. "Aliniuliza swali moja tu. Lucius, ulimsukuma yule mtoto wa watu? Nikasema hapana, Mama. Akanitazama hivi. Akasema, haya, kanawe, chakula kipo. Alikufa mwaka sabini na tatu. Mpaka leo sijui kama aliniamini."

Renita alirudia kumenya, kwa nguvu mno, maganda yakaenda na nusu ya kiazi.

"Umekuja kuomba msamaha?" Pettiway akauliza.

"Sijui nimekuja kuomba nini."

"Mimi nitakuambia ninachotaka, usije ukaondoka bure. Sitaki barua. Sitaki kijitabu. Mimi nilitolewa kwa maikrofoni, mbele ya watu elfu sita. Kaseme kwa maikrofoni."

"Nitasema."

"Utasema?" akauliza Renita. "Ulipoulizwa mara ya kwanza ulisema pia."

"Renita," baba yake akasema, lakini hakuonekana kumkemea.

Alhamisi, 19 Februari

Baridi imelegea. Njia za chuo ni matope na chumvi.

Jumapili, 22 Februari

Nimeandika nitakachosema mara nne. Kila mara nakuta nimejiwekea mto chini: *nilikuwa kijana*, *katika joto la ushindani*. Nimefuta. Zimebaki sentensi sita.

Jumanne, 3 Machi

Vyuo vimeanza kufika. Brandvold amenipigia simu mwenyewe. "Yoakum anasema una homa ya kichwa," akasema. "Utapona, kijana wangu. Ni ukurasa mmoja." Nikamwambia tutaonana Jumamosi.

Jumamosi, 7 Machi

Naandika jioni hii hii, mkono ukiwa bado na nguvu.

Ukumbi ulijaa. Kabla ya fainali wakamleta Brandvold kwenye kiti cha magurudumu, blanketi jekundu la chuo miguuni, watu wakasimama kumpigia makofi. Kwenye meza ya maikrofoni Yoakum alikuwa ameniwekea kurasa mbili zilizopigwa chapa. 1959, nikaona, ni "mwaka wa dhahabu".

Pettiway na Renita walikuwa safu ya sita, upande wa kona. Yeye alivaa suti ya kijivu. Marjean alikuwa ameketi karibu nao. Kiti kimoja tu kati yao.

Nilisoma 1935, na fahali, watu wakacheka. Nikasoma basi lililokwama. Nikafika 1959, nikaiweka karatasi chini.

Nilisema: "Mwaka 1959 mimi, Alvin Torvund, nilimpiga Lucius Pettiway wa Saint Corbin kwa kiwiko kwenye kona ya mwisho ya nusu maili. Akanishinda hata hivyo. Mwamuzi wa kona aliniinulia mimi bendera, na hii ndiyo kadi yake. Nilipoulizwa kama Pettiway alinisukuma, nilidanganya. Ushindi ni wake, na kombe la timu lililoko pale mlangoni ni la Saint Corbin. Bwana Pettiway yuko hapa, na amengoja miaka ishirini na minane kuyasikia haya."

Kimya. Si kimya cha heshima. Kimya cha watu wanaongoja mtu mwingine aanze. Halafu katika kimya kile Brandvold akapiga makofi. Kifaa chake cha kusikilizia kilikuwa kimetoka sikioni. Alinitazama akitabasamu, akapiga makofi, akidhani nimefika kwenye kombe. Watu wachache wakamfuata kwa kutojua la kufanya. Kutoka juu, upande wetu, sauti ikaniambia, "Kaa chini, mzee." Wa Saint Corbin hawakusema kitu. Kocha wao alikuwa akitazama saa.

Yoakum alichukua maikrofoni taratibu kutoka mkononi mwangu, akawashukuru wote, kitambaa kikavutwa, jina la Brandvold likatokea ukutani. Wakatangaza fainali ya mbio za viunzi.

Pettiway alinifuata pembeni ya shimo la kuruka mchangani. Nilinyoosha mkono, kisha nikaurudisha mwenyewe.

"Nimesikia," akasema.

"Ni kidogo."

"Ni ulichoombwa." Akagusa kifua chake, juu ya tai. "Nilitegemea kuna kitu kitashuka hapa. Njia nzima nilikuwa nakingoja. Hakijashuka." Alitazama wakimbiaji wakijinyoosha. "Twende, binti."

Renita alikuwa wa kwanza kugeuka. Hawakungoja mbio zozote.

Royce alishinda mita mia nane kwa dakika moja, sekunde hamsini na moja. Ni bingwa halali. Alipita mbele yangu na taulo shingoni, akamkumbatia msimamizi wa mavazi.

Jumatatu, 9 Machi

Nimerudisha funguo za chumba cha rekodi. Nitafundisha jiografia mpaka Juni, kisha "tutaona". Kwenye sanduku langu la barua kulikuwa na karatasi moja bila jina: *Ungekufa nayo*. Mwandiko wa mtu mzima.

Ijumaa, 13 Machi

Vijitabu vimetoka. Ukurasa wa 1959 ni wa Yoakum. Picha yangu imo, kifua mbele, utepe unakatika. Ni utepe wa mchujo, si wa fainali. Kwenye fainali utepe aliukata Pettiway.

Jumanne, 17 Machi

Nilikwenda kwa Brandvold. Muuguzi akasema amelala. Nilimwona kwenye kiti dirishani, macho wazi, akitazama maegesho.

Ijumaa, 27 Machi

Barua ya kamati ya ligi imefika leo. Nilimpigia Pettiway nikijua nitajuta, lakini ningeacha aisikie kwa mtu mwingine?

Nilimsomea yote. Kamati imepokea kukiri kwa Bwana Torvund, na kwa hiyo jina lake linafutwa. Kadi ya marehemu Oestreich haiwezi kuthibitishwa, na kumrejesha mtu aliyetolewa kwa uamuzi halali wa siku ile kungefungua mlango ambao kamati haiwezi kuufunga. Pointi za timu hazitaguswa kwa kuwa muda umepita.

Nilisikia redio nyuma yake, mpira wa kikapu.

"Soma tena mwisho."

"Nusu maili, 1959: mshindi hakuna."

"Kwa hiyo siku ile hakuna aliyekimbia," akasema.

Nikaanza kumwambia nitaandika tena, kwamba kuna ngazi ya juu ya kamati, kwamba nina majina.

"Torvund," akasema, bila ukali. "Usinipigie tena."

Simu ikakatwa. Marjean aliuliza amesemaje, nikamwambia, neno kwa neno. Alikaa kwenye kile kiti kilicho karibu na simu, na mpaka ninaandika haya hajainuka.